Kuna Kingine?

Katika miaka yangu ya kutunza vitabu vya watoto, swali hilo nimeulizwa kuliko swali lolote, na kwa muda mrefu sikulisikia vizuri. Mtoto anarudisha kitabu, anasimama kando ya meza akichezea pembe ya rejista, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Madamu, kuna kingine?" Nami namwonyesha kabati. Vipo tele, chagua. Anaangalia kabati, anaangalia kitabu alichokirudisha, anaondoka mikono mitupu. Miaka karibu kumi ilipita kabla sijaelewa alichokuwa anataka. Alitaka kingine cha yule yule: yule sungura, yule binti, yule mpelelezi, ile safari iliyokatika ukurasa wa mwisho.

Nami ndiye niliyestahili kuelewa mapema kuliko wengine, maana niliingia kwenye kusoma kwa mlango huo huo. Mjomba wangu alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati. Mwaka 1981, nikiwa darasa la tano, alinipa ruhusa ya kulifungua. Nilikuta Hekaya za Abunuwasi, nikakuta Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile tafsiri ya Johnson iliyotoka mwaka 1929, imeliwa na mende hadi mgongo umebaki nyuzi. Na chini kabisa vilikuwapo viwili vya Muhammed Said Abdulla: Kisima cha Giningi na Mzimu wa Watu wa Kale. Nilianza na Giningi. Nilipofungua cha pili nikamkuta tena yule mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum yuko pembeni yake, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kumbe mtu anaweza kutoka kitabu kimoja akaingia kingine akiwa mzima vile vile, na mimi nikamfuata.

Nilimwuliza mjomba, "Vipo vingine?" Akanitajia kwa vidole: Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu. Alivisoma vyote, lakini aliviazima kwa watu. Siri ya Sifuri nilikuja kuipata baada ya miaka mitano, katika maktaba ya mkoa pale Tanga mjini, jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Nilisoma nimesimama, nikiogopa kukaa nisije nikaambiwa muda umekwisha.

Vitabu vile havikuchaguliwa na mtu yeyote kwa ajili ya mtoto. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950, ukachapwa mwaka 1960, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtu mzima. Shuleni kwetu kitabu kilikuwa Tujifunze Lugha Yetu, kimoja kwa watoto wanne, na mwenye bahati alikaa katikati. Hadithi nyingine tulizipata redioni, kwenye Mama na Mwana ya Radio Tanzania. Hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu yote, na wala hatukujua kuwa ni kidogo.

Nilianza kufundisha mwaka 1993 katika shule ya msingi ya kijijini, na baada ya miaka minne nikapewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: mwalimu wa maktaba. Maktaba yenyewe lilikuwa kabati moja katika ofisi ya mwalimu mkuu, lenye kufuli. Ndani mlikuwa na vitabu vya kiada vya masomo yaliyokwisha kubadilishwa mtaala, mihtasari, na magazeti. Kisha yakaja maboksi ya Mradi wa Vitabu vya Watoto.

Mradi ule ulianzishwa mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, wakati ambapo kitabu cha hadithi cha mtoto kwa Kiswahili kilikuwa adimu madukani. Utaratibu wake ulikuwa wa busara. Waandishi walileta miswada, ikachambuliwa, mchapishaji akachapa, na Mradi ukanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa mashuleni. Mchapishaji hakubaki na mzigo, nasi tukapata vitabu. Nakumbuka harufu ya wino tulipokata utepe wa boksi la kwanza. Vilikuwa vyembamba, vyenye picha za rangi zilizochorwa na wachoraji wa hapa hapa: nyumba za makuti, akina mama wenye khanga, mbuzi wa kwetu. Watoto wa darasa la pili walipapasa zile picha kwa viganja.

Tulipopata nafasi ya kuchagua wenyewe, kwa fedha kidogo za kamati ya shule, mimi ndiye niliyetumwa mjini. Nieleze nilivyochagua, kwa sababu najua walimu wengi bado wanachagua hivyo. Nilifungua kitabu ukurasa wa mwisho kwanza, nikatafuta funzo. Mtoto mtukutu amepata ajali, ametubu? Chukua. Mvivu amefeli, mwenye bidii amefaulu? Chukua. Kama hadithi imekwisha bila mtu kuonywa, niliirudisha. Na nilichukua nakala moja moja, ili orodha iwe ndefu. Mkaguzi akija akute vitabu arobaini tofauti. Nilirudi kijijini na maboksi mawili nikiwa nimeridhika moyoni, maana nilikuwa nimefanya kazi kwa uaminifu wote niliokuwa nao.

Vitabu arobaini tofauti, kwa watoto mia tano na zaidi. Kitabu kimoja kinasomwa na mtoto mmoja, na rafiki yake hawezi kukisoma wiki ile, kwa hiyo hawana la kuzungumza. Wakipishana kukisoma, yule wa kwanza ameshasahau. Sikuliona hilo. Niliona kabati limejaa.

Tena tulikuwa na sheria: anayepoteza analipa. Msichana mmoja wa darasa la sita, anayelelewa na bibi yake, alipoteza kitabu. Sijui kiliangukia wapi, pengine kisimani, pengine njiani. Baada ya siku tatu bibi alikuja shuleni na kuku, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Alisema, "Mwalimu, hela sina, mchukueni huyu." Kuku akapokelewa. Mimi nilikuwapo, nikaandika kwenye rejista "amelipa". Yule binti hakuazima tena kitabu mpaka anamaliza la saba. Nimewahi kulifungua daftari lile baadaye nikatazama mwandiko wangu kwenye mstari ule, na ningependa niwe nimeandika kitu kingine.

Mwaka 2004 au 2005 tuliletewa vitabu vya msaada kutoka nje, maboksi sita. Watu waliovituma walikuwa na nia njema, na kulikuwa na vitabu vizuri ndani yake, lakini vyote vilikuwa kwa Kiingereza, na watoto wetu wanasoma masomo yote kwa Kiswahili. Kiingereza kwao ni somo la vipindi vichache kwa wiki. Palikuwa na vitabu vya theluji, vya farasi, vya sikukuu ambazo hata sisi walimu hatukuzijua. Nilikuwa navipanga sakafuni pamoja na wavulana wawili wa darasa la sita, ili tuandike idadi na kuvirudisha kwenye maboksi.

Mmoja wao akawa ametenga vitabu vinne pembeni. Vilikuwa vya Enid Blyton, ule mfululizo wake wa Famous Five, watoto wanne na mbwa wao. Mvulana yule hakuweza kusoma hata sentensi mbili za ndani. Lakini aliona nyuso zile zile juu ya majalada, akaona tarakimu kwenye migongo, akavipanga: 3, 7, 8, 12.

"Madamu, hawa ni wale wale. Cha kwanza kiko wapi?"

Nikamwambia havijaja vyote. Akauliza viko vingapi. Nilikuwa najua: 21. Akarudia ile namba polepole, "Ishirini na moja," kama mtu aliyeambiwa idadi ya ng'ombe wa tajiri. Halafu akavishika vile vinne, akatazama mapengo kati ya tarakimu, akaviweka chini kwa uangalifu. Nikalikumbuka sanduku la bati.

Jioni ile nilichukua kaunta buku ya rejista nyumbani. Ilikuwa na miaka minane ya kuazima. Nilikuwa nimeijaza mwenyewe kwa mkono wangu, lakini sijawahi kuisoma. Nilianza kuhesabu kila kitabu kimetoka mara ngapi, nikiwasha taa ya chemli mpaka usiku. Vile vya onyo kali, ambavyo nilivichagua kwa ukurasa wa mwisho, vilitoka mara moja au mbili, tena mara nyingi siku ambazo mwalimu wa darasa aliwalazimisha watoto kuazima. Abunuwasi alikuwa ametoka mara zisizohesabika, hadi nakala ile ilikuwa imefungwa upya kwa uzi wa gunia. Vilivyofuata vilikuwa vile ambavyo mhusika wake anafanya ujanja zaidi ya mara moja, anayeponyoka hapa akanaswa pale. Mtoto alikuwa akitafuta mtu wa kukaa naye muda mrefu.

Nikakumbuka na jambo jingine lililonichoma. Kwenye droo yangu mlikuwa na kitabu cha Abunuwasi kilichochorwa kwa katuni na Gado, Mtanzania anayechora Nairobi. Kilitolewa na Sasa Sema mwaka 1996. Mwalimu mwenzangu aliniletea zawadi kwa ajili ya maktaba, nami nikakiweka kwenye droo kwa sababu katuni si kitabu cha shule. Na chini ya Abunuwasi huyo mlikuwa na rundo la magazeti ya Sani niliyowanyang'anya watoto darasani. Sani lilikuwa gazeti la wakubwa, sikukosea kuliondoa mikononi mwao, lakini sikujiuliza kwa nini mtoto anayesinzia kwenye kitabu cha ziada anahatarisha viboko kwa ajili ya kurasa zile. Wahusika wake wa katuni, Ndumilakuwili na Lodi Lofa, walikuwa wanarudi kila toleo. Watoto walikuwa wamejitafutia mfululizo wao.

Kuanzia hapo nikabadili ununuzi. Badala ya vitabu arobaini nakala moja moja, nikanunua vinane nakala tano tano. Mwalimu mkuu wa wakati ule alishangaa, akaniambia nimepunguza maktaba. Nikamwomba anipe muhula mmoja. Watoto watano wakisoma kitabu kimoja wiki moja, wanakitoa darasani wanakipeleka uwanjani. Wanabishana kama yule kaka alifanya haki, wanaigiza. Wa sita anaomba ili asiachwe nje ya mazungumzo. Muhula ule rejista ilijaa kurasa nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Kuku wa watu hatukumpokea tena.

Lakini kupata nakala nyingi lilikuwa jambo jepesi. Shida ilikuwa kujibu lile swali. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, Kiswahili kina vitabu vya kutosha kuanzia, na miaka ya karibuni vimezidi. Hata simu ina hadithi za bure, kama zile za African Storybook zilizoanza mwaka 2014. Kwa kijana wa sekondari zipo riwaya na tamthilia za mtaala. Katikati pale, umri wa miaka kumi hadi kumi na tatu, ndipo mtoto anapomaliza vitabu vyembamba akatazama mbele akaona pengo. Ni umri uleule ambao mtoto akishikwa na kusoma hushikwa moja kwa moja. Anahitaji kitabu cha kurasa mia, chenye kingine nyuma yake, na kingine tena.

Nilimwuliza mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam kwa nini hawatoi mifululizo. Alinijibu kwa upole, na jibu lake nimelibeba hadi leo. Alisema kitabu cha pili huchapwa cha kwanza kikiisha, na cha kwanza huchukua miaka mitano kuisha. Mtoto aliyekisoma akiwa darasa la tano, cha pili kitamkuta kidato cha tatu. Mzazi hununua kitabu kilichoagizwa na shule, na shule hununua kiada kwanza. Uchapishaji ulipofunguliwa kwa kampuni binafsi miaka ya 1990, kampuni nyingi zilijengeka juu ya vitabu vya kiada. Kazi hiyo iliporudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania katika miaka ya 2010, mguu huo ukaondoka, na hadithi za watoto zikabaki kubebwa na watu wenye moyo. Nawaheshimu sana watu hao. Walter Bgoya aliyeanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, Elieshi Lema na Demere Kitunga wa E & D: bila hao kabati langu lingekuwa na nini?

Ni E & D waliotoa, mwaka 2008, Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba. Hicho ndicho kitabu kilichonifunza kuwa watoto wetu hawaogopi unene. Ni riwaya kamili, si kijitabu, nao waliipanga foleni. Niliandika majina ya wanaosubiri kwenye karatasi nikaibandika mlangoni, na karatasi ikabidi iongezwe ya pili. Wavulana waliokuwa wanasoma kwa kunyoosha kidole walikisoma kwa mwezi mzima, ukurasa kwa ukurasa, na hawakukiacha. Na kila aliyemaliza alikuja mezani na swali lile lile.

Kutoka Kenya nilileta Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora. Jina lenyewe lilizua mjadala kabla kitabu hakijafunguliwa, kwa nini Amerika na sisi tunasema Marekani, na tukatumia kipindi kizima kuzungumza jinsi Kiswahili kinavyovuka mpaka kikabadili nguo. Nilitamani pia kuwa na Moses kwa Kiswahili, yule mtukutu wa shule ya bweni Uganda aliyeandikwa na Barbara Kimenye kuanzia miaka ya 1960, kitabu baada ya kitabu. Huo ni mfululizo wetu wa Afrika Mashariki hasa, lakini ni wa Kiingereza, na watoto wangu walikwama mlangoni. Nilikuwa nawasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, sura moja kila Ijumaa.

Semzaba alifariki Januari 2016. Niliwaambia darasa la sita asubuhi moja, kwa sababu kulikuwa na watoto wanne kwenye karatasi ya mlangoni na niliona wana haki ya kujua. Hawakujua kuwa vitabu huandikwa na watu wanaoweza kufa. Walikaa kimya muda mrefu. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sasa cha pili nani ataandika?" Baada ya mwezi aliniletea daftari la kurasa arobaini na nane, limejaa kwa penseli, mtoto na ngoma yake wakienda Kigoma kwa treni. Nililisoma lote. Nikaligonga mhuri wa shule, nikalipa namba, nikaliingiza kwenye rejista. Lilitoka mara kumi na tisa kabla halijachanika.

Februari 2023 nilikwenda kumtembelea mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye sasa anatunza maktaba ya shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Ilikuwa wiki ile Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alipotangaza kupiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa kuwa vinakwenda kinyume na maadili, vikiwamo vya Diary of a Wimpy Kid vya Jeff Kinney. Nilimkuta anavitoa rafuni. Mfululizo ule ulikuwa umefika kitabu cha 17, na shule yake ilikuwa na karibu vyote, migongo imelegea kwa kushikwa. Tulivifunga pamoja. Serikali ina wajibu wa kutazama watoto wanasoma nini, na mwalimu anayechagua vitabu anaujua uzito huo kila siku; mimi nimerudisha vitabu dukani kwa sababu hiyo hiyo. Lililoniumiza lilikuwa pale rafu ilipobaki wazi, karibu mita nzima. Mwenzangu aliniuliza nimpe majina ya vitabu vya Kiswahili vya kuijaza, vya mtoto mmoja wa kwetu na visa vyake, kimoja hadi kumi na saba. Nilishika kalamu. Niliandika majina mazuri, nayapenda yote, lakini kila jina lilikuwa mtoto mwingine, na kila mtoto alikuwa na kitabu kimoja.

Nafurahi kuona Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, imefungua mlango kwa hadithi za watoto, na miswada inayoshinda inachapwa. Ningekuwa na sauti kwenye kikao chao ningeomba jambo moja tu: siku moja wampe mwandishi tuzo ya mhusika, na mkataba wa vitabu vitano.

Mwaka jana nilistaafu, nikamkabidhi funguo kijana aliyeajiriwa karibuni. Hatukukubaliana katika mengi. Yeye anataka vitabu vyenye Kiswahili sanifu viwekwe mbele, vya visa na vituko nyuma, na anatazama funzo ukurasa wa mwisho kama nilivyokuwa natazama. Sikumlaumu. Nilimwachia kaunta buku zote tisa, nikamwomba azisome akipata nafasi, na nikamwonyesha karatasi ya mlangoni.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza Marimba ya Majaliwa nilikuwa nanunua wapi, maana nakala mbili zimepotea na kuna watoto wanasubiri. Nikamwuliza amewafanya nini waliopoteza.

"Sijawafanya kitu, mama," akasema. "Niliwaita tu mbele ya darasa, nikawaomba watusimulie ilivyoishia."